Kupunguza taka za viyeyushi katika usafishaji viwandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mafundi, wasimamizi wa karakana na maofisa usalama wanaosafisha vipuri, matangi, mashine za kuchapa au vifaa vya rangi kwa thina, asetoni, tolueni, spiriti za petroli na viyeyushi vyenye klorini.

Tuanze wapi?

Anzeni kwa hesabu, kabla ya kununua mtambo wowote. Chukueni mwezi mmoja na kiyeyushi kimoja. Akiba ya mwanzo pamoja na manunuzi, toeni akiba ya mwisho: hayo ndiyo matumizi. Kisha toeni kiyeyushi halisi kilichomo kwenye mapipa ya taka.

Tuseme mlianza na lita 300, mkanunua 800, mkabaki na 250. Mmetumia lita 850. Mapipa mawili ya taka yana jumla ya lita 400, na robo yake ni mafuta na uchafu, kwa hiyo kiyeyushi kilichomo ni lita 300. Lita 550 zilizobaki ziko wapi? Zimepaa hewani, zimeondoka na matambara, au zimetoka na vipuri vilivyokuwa bado vinatiririka. Karakana nyingi zinazofanya hesabu hii mara ya kwanza hukuta upotevu mkubwa uko nje ya pipa, na ndiyo maana tunaisisitiza. Mkihesabu pipa peke yake, siku mkiacha vifuniko wazi takwimu zitaonyesha mmepunguza taka, kumbe wafanyakazi ndio wanaozivuta.

Hiyo robo ya mafuta tunaijuaje?

Kwa spiriti za petroli zilizochanganyika na mafuta ya mashine, hidromita, yaani kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa kioevu ukilinganishwa na wa maji, inatosha. Pimeni uzito mahususi wa spiriti safi, wa mafuta yanayotoka kwenye vipuri, na wa sampuli chafu, zote zikiwa na joto moja. Spiriti ikiwa 0.78, mafuta 0.88 na sampuli 0.805, sampuli imepanda robo ya njia kutoka 0.78 kwenda 0.88, maana yake mafuta ni takriban 25%. Acheni sampuli itulie kwanza ili chembe za chuma na maji vishuke chini, la sivyo kipimo kitadanganya. Kwa taka za rangi njia hii haifai, kwa sababu poda za rangi ni nzito mno. Huko pimeni kwa kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke) sampuli ndogo kwenye maabara.

Tunabadilisha kiyeyushi kila mwisho wa wiki. Kuna ubaya?

Kalenda haijui kiyeyushi kimechafuka kiasi gani. Wiki yenye kazi kidogo mnatupa kiyeyushi kizuri, na wiki yenye kazi nyingi mnasafishia uchafu. Wekeni kikomo cha kupimika: asilimia ya mafuta, au muda ambao kipuri cha mfano huchukua kutakata. Njia ya kuanzia ni kuendelea kutumia kiyeyushi hadi vipuri vianze kushindwa kipimo cha usafi, kuandika asilimia ya mafuta ya siku hiyo, kisha kuweka kikomo chini kidogo ya hapo.

Weusi wa kiyeyushi si kipimo. Rangi hubadilika mapema sana, nguvu ya kuyeyusha huisha baadaye. Filta ya mikroni 25 hadi 50 kwenye pampu, pamoja na sehemu ya chini ya beseni ambapo tope linatulia bila kukorogwa, huongeza maisha ya kiyeyushi. Ila filta haitoi mafuta yaliyokwisha kuyeyuka.

Usafi wa kutosha ni upi?

Swali hili liulizwe kabla ya yote, maana mara nyingi kipuri husafishwa kupita mahitaji ya hatua inayofuata. Kipuri kinachokwenda kwenye ghala na kupakwa grisi hakihitaji usafi wa kipuri kinachokwenda kupakwa rangi. Na kuna vipuri vinavyosafishwa mara mbili kwa sababu tu idara mbili hazizungumzi, au vinapakwa mafuta ya kuzuia kutu kwa siku moja ya kusubiri. Ondoeni usafishaji huo na taka yake inaondoka nzima.

Kwa kupima, mwagieni kipuri maji safi. Utando wa maji ukikaa mzima kwa nusu dakika bila kukatika kuwa matone, mafuta yametoka. Kipimo hiki hudanganywa na mabaki ya sabuni, kwa hiyo suuzeni vizuri kwanza. Kwa vipuri visivyotakiwa kuguswa na maji, futeni kwa kitambaa cheupe na mkitazame.

Tunawezaje kutumia kiyeyushi kidogo bila kupunguza usafi?

Gawanyeni usuuzaji. Tuseme chombo kinabaki na lita 0.2 za uchafu ulioshika kutani. Mkisuuza mara moja kwa lita 10, kinachobaki ni sehemu 1 kati ya 51 ya uchafu wa mwanzo. Mkisuuza mara mbili kwa lita 5 kila mara, kwa jumla ileile ya lita 10, inabaki sehemu 1 kati ya 676. Mkisuuza mara tatu kwa lita 2, jumla lita 6 tu, inabaki sehemu 1 kati ya 1,331. Kiyeyushi kimepungua kwa 40% na chombo kimetakata zaidi. Sharti ni kukimwaga chote baada ya kila mzunguko. Mkiacha lita nzima chini ya tangi, faida yote inapotea.

Hatua ya pili ni kukirudisha nyuma kiyeyushi. Cha usuuzaji wa tatu kinatumika wa pili kwa chombo kinachofuata, cha pili kinakwenda wa kwanza, na kinachotupwa ni cha kwanza peke yake. Kwa vipuri vidogo inatosha kuwa na mabeseni matatu yenye namba 1, 2 na 3. Vipuri vinakwenda mbele, kiyeyushi kinarudi nyuma. Kinachoharibu mpango huu ni mtu mwenye haraka anayetumbukiza kipuri kichafu moja kwa moja kwenye namba 3. Wekeni beseni la 3 mbali kidogo, na kikapu kimoja tu kinachoingia humo.

Kati ya beseni na beseni kipuri kiachwe kidondoke, kikiwa kimeinamishwa ili matundu yatazame chini. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha kwa vipuri vingi.

Je, kuna cha kufanya kabla ya kiyeyushi kuingia?

Kipo, na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Kwangueni. Mwiko wa plastiki au mpira unaoteleza kwenye ukuta wa tangi hutoa rangi au gundi ambayo ingehitaji lita nyingi kuyeyushwa, na mara nyingine kilichokwanguliwa ni bidhaa inayoweza kurudi kwenye uzalishaji. Mabomba marefu yasukumwe kwa kizibo laini kinachopita ndani kabla ya kusuuzwa. Grisi nzito kwenye vipuri itolewe kwa matambara makavu. Safisheni pia mapema: resini iliyokauka usiku kucha inataka kiyeyushi kikali na kingi, ilhali ikiwa bichi kiasi kidogo kinatosha.

Kwenye ratiba ya uzalishaji, pangeni rangi kutoka nyepesi kwenda nzito, na bidhaa zinazofanana zifuatane. Tangi la nyeupe likifuatiwa na manjano huenda lisihitaji kusuuzwa kabisa. Likitoka nyeusi kwenda nyeupe, mtaosha mara nne.

Bunduki za kupulizia rangi zisafishwe vipi?

Mwageni rangi iliyobaki, futeni kikombe kwa mwiko mdogo, kisha suuzeni mara tatu kwa kiasi kidogo, mililita 50 hivi kila mara: mbili za mwanzo kwa thina iliyokwisha kutumika, ya mwisho kwa safi. Thina ipite kwenye pua ikielekea kwenye chombo kilichofungwa. Msiipulize hewani, maana hapo hakuna mlichookoa, na mmejaza chumba mvuke unaowaka. Kwa wenye bunduki nyingi, sanduku la kuoshea linalofungwa na lenye pampu ya kuzungusha thina ni bora zaidi. Kuloweka bunduki nzima usiku kucha huharibu mipira na vizibo vyake.

Matambara je?

Kosa la kawaida ni kumimina kutoka kwenye ndoo. Tumieni kopo la chuma lenye kibonyezo juu, linalotoa kiasi kidogo kila linapobonyezwa na kujifunga lenyewe. Kitambaa kikunjwe mara mbili, kitoe nyuso 8 za kufutia kabla ya kutupwa. Matambara yaliyolowa yakamuliwe kwa kikamulio au mashine ya kuzungusha kwa kasi iliyotengenezwa kwa viyeyushi vinavyowaka. Kinachotoka kinarudi beseni la 1. Mashine ya kawaida ya kufulia haifai hata kidogo, mota yake hutoa cheche.

Yahifadhiwe kwenye pipa la chuma lenye kifuniko kinachojifunga. Matambara yenye mafuta ya kitani au rangi zinazokauka kwa hewa hujipasha joto yenyewe yakirundikwa na yanaweza kuwaka bila kuwashwa, kwa hiyo pipa hilo litolewe nje ya jengo kila siku.

Kwa nini mnakataza kuchanganya taka zote kwenye pipa moja?

Kwa sababu pipa lililochanganywa halirudishwi kuwa kiyeyushi, na gharama yake hufuata kilicho kibaya zaidi ndani yake. Kiyeyushi chenye klorini, kama trikloroethilini au methilini kloraidi, kikichomwa hutoa asidi ya hidrokloriki inayokula tanuri, hivyo tanuri za saruji zinazopokea taka kama kuni huweka kikomo cha klorini. Kikombe kimoja cha kiyeyushi chenye klorini kikimwagwa kwenye pipa la spiriti, pipa zima linahama daraja. Nchini Marekani, mafuta yaliyotumika yakiwa na zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni za halojeni (klorini na elementi za jamii yake) huchukuliwa kuwa yamechanganywa na taka hatari hadi mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu taka hatari, nao umevitenga viyeyushi: Y41 ni viyeyushi vyenye halojeni, Y42 ni vile visivyo nayo.

Sababu ya pili ni usalama. Trikloroethilini ikikutana na magadi makali (sodiamu hidroksidi) hutoa kemikali inayolipuka. Ikikaa na unga au vinyoleo vya alumini inaweza kuoza kwa joto na asidi. Asidi ya nitriki na asetoni au alkoholi ni mlipuko. Asetoni na peroksidi ya hidrojeni hutengeneza fuwele zinazolipuka kwa kuguswa tu.

Kwa uchache wekeni mapipa manne: chenye klorini, kisicho na klorini, maji yenye sabuni na mafuta, na tope la rangi. Kila moja liwe na rangi yake, na faneli ya kila pipa iwe na mdomo wake usioingia kwenye pipa jingine. Lebo peke yake haizuii kosa usiku wa zamu.

Tununue mtambo wa kukeneka?

Huenda, ila baada ya yote yaliyotangulia. Mkiununua kwanza mtauchagua mkubwa kuliko mnavyohitaji, na mtakuwa mnatumia umeme kurudisha kiyeyushi ambacho hakikupaswa kuchafuliwa.

Kukeneka ni kuchemsha kiyeyushi kichafu, kuupeleka mvuke kwenye kipoza na kuukusanya ukiwa kioevu safi, huku rangi, grisi na chembe zikibaki chini. Mitambo midogo hupokea lita 15 hadi 200 kwa mzunguko, na mzunguko huchukua saa kadhaa. Kwenye lita 100 za thina yenye 15% ya vitu vigumu, tarajieni kurudishiwa lita 75 hadi 80. Muuzaji anayeahidi 99% anazungumzia kiyeyushi ambacho hakikuwa kichafu.

Angalieni kwanza joto la kuchemka. Asetoni huchemka kwa nyuzi 56 za Selsiasi, isopropanoli 82, tolueni 111, zaileni kati ya 138 na 144. Hivi vyote hukenekwa kwa mgandamizo wa kawaida. Spiriti za petroli huchemka takriban kati ya 150 na 200, na huko mnahitaji pampu ya kuvuta hewa ili kushusha joto la kuchemka, kwa sababu mafuta na resini huanza kuungua na kunukisha bidhaa.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki:

Kipoza kikiwa na maji ya uvuguvugu, asetoni hutoka ikiwa bado mvuke. Pimeni joto la kioevu kinachotoka. Likikaribia joto la kuchemka, simamisheni.

Chungu kikijazwa kupita robo tatu, povu hupanda na kuingia kwenye kipoza, na bidhaa inatoka na rangi.

Thina ni mchanganyiko, na sehemu nyepesi hupotea kwanza kila mnapoitumia. Iliyokenekwa haina uwiano wa mwanzo, hivyo hukauka polepole. Itumieni kusafishia, msiichanganye kwenye rangi ya mteja.

Isopropanoli iliyoingia maji haitakasiki kwa kukeneka kwa kawaida kupita takriban 88% kwa uzito, kwa sababu hapo pombe na maji huchemka pamoja. Dawa yake ni kuzuia maji yasiingie.

Ni taka gani isiingizwe kwenye mtambo huo kabisa?

Yenye nitroselulosi, ambayo imo kwenye vanishi na wino za aina fulani. Masalio yake yakikauka na kupata joto yanaweza kuwaka yenyewe ndani ya chungu bila cheche yoyote. Kama karatasi ya taarifa za usalama inaitaja, msikeneke mpaka mtengenezaji wa mtambo athibitishe kwa maandishi, na hata hapo masalio yaachwe yakiwa majimaji. Msiingize pia peroksidi zinazotumika kugandisha resini, wala viyeyushi vya jamii ya etha vilivyokaa muda mrefu, kama tetrahidrofurani, ambavyo hujitengenezea peroksidi. Vyenye klorini viwe na mtambo wake.

Masalio ya chini yenyewe ni taka hatari. Yatabaki hivyo hata yakigandamana.

Hesabu ya mtambo inalipa lini?

Zidisheni lita zinazorudi kwa bei ya kiyeyushi kipya, ongezeni gharama ya kuondoa taka mnayoiepuka. Toeni umeme, mifuko ya ndani ya chungu, saa za mfanyakazi, na gharama ya kuondoa masalio. Jibu linategemea bei zenu, lakini kwa anayezalisha chini ya pipa moja kwa mwezi, mkandarasi mwenye kibali anayechukua kichafu na kurudisha kilichokenekwa mara nyingi ni chaguo jepesi zaidi.

Tukihamia maji na sabuni?

Kwa mafuta na grisi kwenye chuma, mara nyingi inawezekana. Mwanzo wa kawaida ni sabuni ya alkali 2 hadi 5% kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 70, yakisukumwa kwa pampu au mawimbi ya sauti, kisha misuuzo miwili, kupuliza na kukausha. Chagueni sabuni inayoachia mafuta yaelee juu, yakusanywe kwa mkanda au diski. Sabuni inayoyachanganya mafuta na maji husafisha vizuri siku za mwanzo, halafu bafu linachafuka lote.

Matatizo yapo. Alumini na zinki huliwa na alkali kali, hivyo tafuteni sabuni laini au yenye kizuizi. Chuma hushika kutu ndani ya dakika chache baada ya kusuuzwa, kwa hiyo kiwekwe kizuia kutu kwenye msuuzo wa mwisho na kikaushwe mara moja. Matundu yasiyotokea upande wa pili hubaki na maji. Na bafu lililochoka lina mafuta na metali: halimwagwi kwenye mtaro.

Jaribuni kwa vipuri vyenu vichafu hasa, kwa wiki kadhaa. Onyesho la muuzaji kwa kipuri chake halithibitishi chochote.

Na viyeyushi vinavyouzwa kama "vya asili"?

Limonini ya maganda ya machungwa inayeyusha grisi vizuri, lakini mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 48 hivi, na ikikaa hewani hutengeneza vitu vinavyowasha ngozi. Kwa kuwa Marekani na Umoja wa Ulaya huhesabu taka ya kioevu kuwa hatari kwa kuwaka ikiwa mvuke wake unaweza kushika moto chini ya nyuzi 60, limonini iliyotumika bado imo humo. Esta za mafuta ya mimea hutoa wino wa kuchapia na hazipai kirahisi, ila huacha utando unaohitaji kufutwa mara ya pili. Jina zuri kwenye kopo halibadilishi karatasi ya usalama.

Tuna tangi la kusafishia kwa mvuke wa kiyeyushi. Tupunguze vipi upotevu?

Mvuke mzito hukaa ndani ya tangi kama maji kwenye kikombe, na kila kinachoutikisa huumwaga. Kikapu kishuke na kupanda kwa kasi isiyozidi mita 3.4 kwa dakika. Kisizidi nusu ya eneo la mdomo wa tangi. Kipuri kikae ndani ya mvuke hadi kiache kudondosha, kisha kisimame kidogo juu yake kabla ya kutolewa. Ukuta ulio juu ya mvuke uwe na kimo cha angalau robo tatu ya upana wa tangi. Kimo sawa na upana ni bora zaidi. Feni na milango inayopuliza juu ya mdomo vizuiwe, na kifuniko kiwe cha kuteleza kando, maana kinachoinuliwa huvuta mvuke nacho. Kitenganisha maji kikaguliwe kila siku. Maji humaliza vidhibiti vya kiyeyushi na kukigeuza asidi.

Kama kiyeyushi chenyewe ni trikloroethilini, badala ya kurekebisha tangi pangeni kuachana nayo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 1, yaani inasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeitaka iwe na kibali maalumu tangu Aprili 2016, na EPA, shirika la mazingira la Marekani, ilikamilisha kanuni ya kuipiga marufuku Desemba 2024.

Tunaweza kuacha taka ipae, au kuipunguza makali kwa maji?

Hapana. Kupaa ni kuihamishia kwenye mapafu na hewa, na kuongeza maji ni kuongeza taka.

Kumimina na kuhifadhi kunahitaji tahadhari gani?

Ndoo ya chuma na pipa viunganishwe kwa waya, na pipa liunganishwe na ethi (waya unaoingia ardhini), kabla ya koki kufunguliwa. Tolueni na spiriti hazipitishi umeme vizuri na hukusanya umeme tuli zikitiririka. Mdomo wa bomba ufike chini ya chombo, na kasi isizidi mita 1 kwa sekunde hadi mdomo uzame. Mivuke hii ni mizito kuliko hewa, husambaa sakafuni na kufika mbali hadi kwenye swichi au jiko, kwa hiyo kivuta hewa kiwekwe chini. Pipa liachiwe nafasi ya 5 hadi 10% juu kwa ajili ya kutanuka kwa joto, na kifuniko kifungwe kila baada ya kumimina. Faneli isiyofungika iliyoachwa juu ya pipa ni shimo.

Tutajuaje kama tumepiga hatua?

Gawanyeni lita zilizotumika kwa kazi iliyofanyika: vipuri, mita za mraba, au matangi yaliyooshwa. Lita za jumla zitashuka hata kazi ikipungua tu. Bandikeni namba hiyo kila wiki mahali kiyeyushi kinapochukuliwa, na kiyeyushi kitolewe kwa kuandikishwa, kwa kipimo, na mtu mmoja kwa kila zamu. Mahali ambapo pipa liko wazi kwa kila mwenye ndoo, mbinu zote za juu hudumu mwezi mmoja hivi.